Ukimwandikia mzazi barua, tia na bahasha ya majibu

Kama wazazi wako kijijini na simu zenu huishia kwenye "hatujambo, pesa imefika", waandikie barua kwa mkono. Andika kwa wino mweusi, herufi kubwa, ukiruka mstari, maana macho ya uzee huchoka upesi. Uliza jambo moja mahususi: nani alilifyeka kwanza shamba la bondeni? Swali la hivyo humtoa mama kurasa nzima.

Halafu, na hili ndilo kubwa, tia ndani bahasha tupu yenye stempu, S.L.P. yako umeshaiandika. Yeyote anayekwenda mjini ataitumbukiza posta. Wao hawana sanduku? Omba barua zipitie la shule au kanisa, jina la mzee lisomeke vizuri. Tarehe usiisahau, wajukuu wataitafuta.