Somo: Mbwa gani hufundishika upesi, na namna ya kumfundisha "kaa" na "toa mkono"

Kila msimu wa korosho, hela za mnada zikishaingia, naulizwa swali lile lile hapa Mtwara: ninunue mbwa wa aina gani, mwepesi kufunzwa? Nitajibu, ila huenda jibu likakubakishia hela yako mfukoni.

Mwaka 1994 Stanley Coren, mwanasaikolojia wa Kanada, alitoa orodha ya aina za mbwa kwa wepesi wa kufunzwa, baada ya kukusanya maoni ya waamuzi 199 wa mashindano ya utii wa mbwa. Wa kwanza ni boda koli, mchunga kondoo wa Uskoti na Uingereza. Wakafuata puudo, jemani shepadi (huyu mnayemwita mbwa wa polisi), goldeni ritriva na dobamani. Labrado yuko nafasi ya 7, rotwaila ya 9. Hawa wa juu hushika amri mpya kabla hujairudia mara 5. Wa mkiani huhitaji mara 80 hadi 100.

Na mkiani huko, wa pili kutoka mwisho, yuko basenji, mbwa wa Kongo mwenye mkia uliojikunja. Ukimwona utadhani ametoroka Chikongola, hapa hapa Mtwara. Hata jina lake linanukia neno letu "washenzi".

Sasa msikimbilie kuwafukuza koko wenu. Boda koli alizalishwa vizazi na vizazi asikilize mluzi wa mchungaji. Labrado kazi yake ilikuwa kumletea mwindaji ndege aliyepigwa. Basenji alitangulia porini, mwindaji haonekani, akaamua peke yake. Koko wetu ni hivyo hivyo: nguruwe pori akiingia kwenye mihogo usiku wa manane, hasubiri umwambie. Waamuzi wale walipima utii. Akili ya kuamua hawakuipima.

Popi wangu ni koko mtupu, nilimwokota akiwa mdogo. "Kaa" ilimchukua siku nne. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1. Andaa chambo. Dagaa wakavu waliovunjwavunjwa, au maini ya kuchemsha bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa). Kila kipande kisizidi punje ya hindi. Mbwa awe na njaa kidogo. Fundisha alfajiri au jua likishapoa. Saa saba mchana hapa kwetu mbwa anahema tu, hasomi.

Hatua ya 2. Mpe sauti ya alama. Mimi napiga kidoko kwa ulimi. Piga kidoko, toa chambo. Piga, toa. Mara 15 hivi, bila kumwamuru chochote. Akishaanza kukutazama kila akisikia kidoko, ameelewa kwamba sauti ile maana yake "umepatia, malipo yanakuja".

Hapa ndipo wengi wanaporuka, nami hapa ndipo ninaposhikilia. Panya buku wa APOPO, shirika linalofunza panya pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufunzwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi. Fimbo haimo. Walifanya kazi ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa haina tena mabomu hayo. Kama panya ameweza, huyo wako anashindwaje? Siri ni muda: kidoko kitoke palepale anapopatia. Ukichelewa akawa ameshainuka, umemlipa kwa kuinuka.

Hatua ya 3. "Kaa". Weka chambo puani, kipandishe polepole kuelekea kisogoni. Pua ikifuata juu, makalio yanashuka. Yakigusa chini, kidoko, chambo. Usimkandamize kiuno, atakusukuma tu. Neno "kaa" liingize akishakuwa anakaa bila shida, na baada ya hapo mkono uwe mtupu, chambo kitoke mfukoni.

Hatua ya 4. "Toa mkono". Ficha chambo ndani ya ngumi, ishushe karibu na ardhi. Atanusa, atalamba, atachoka, ataparua. Mguu ukigusa ngumi, kidoko, umlipe kwa mkono wa pili.

Dakika 5, mara mbili kwa siku, basi. Acha angali anataka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Masasi: Shikamoo mwalimu. Wangu ana miaka minne, si nimechelewa?

Marahaba. Hujachelewa. Mkubwa hutulia kuliko kitoto. Kazi itakuwa kufuta tabia za zamani.

Mwanachama, Mikindani: Kaka, nyumbani tunaswali na mama hataki mate ya mbwa. Nianze na lipi?

Toa mkono liache kabisa! Mimi nililifundisha kwa mbwembwe, halafu jirani yangu, mzee wa watu, akapita na kanzu nyeupe kuelekea Ijumaa. Popi, ametoka kukanyaga tope, akampa mkono. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata pwani hii, hapo ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mzee alirudi kwake bila neno, na ile kimya iliniuma kuliko matusi. Niliomba radhi siku tatu. Wewe anza na "gunia": tandika gunia mbali na mlango, akilikanyaga kidoko na chambo, ongeza sekunde kidogo kidogo mpaka akae hapo mgeni akiingia. Siku hizi Popi akisikia hodi tu, anakwenda mwenyewe guniani.

Mwanachama, Lindi mjini: Nimepata jemani shepadi wa kununua. Nichukue?

Atafunzika haraka. Ila ana manyoya mazito ya tabaka mbili, na Lindi unaijua. Uwe na kivuli, maji, na hela ya nyama. Omba kuwaona wazazi wanavyotembea. Aina hii husumbuliwa na nyonga. Na chanjo ya kichaa cha mbwa, awe wa kununua au koko, haina mjadala.

Mwanachama, Newala: Naweza kutumia korosho kama chambo? Ninazo nyingi.

Iliyokaangwa bila chumvi, kipande kidogo, mara mojamoja. Ina mafuta mengi. Mbichi yenye ganda usithubutu, yale mafuta ya ganda yanayowababua vidole wabanguaji yatamuunguza mdomo.

Mwanachama, Masasi tena: Nyumbani anakaa vizuri, tukifika sokoni ananisahau.

Hajakusahau. Kwake "kaa" ni ya uani kwenu. Sokoni anza upya hatua ya 3, na chambo puani, pembeni kwanza kabla ya kufika kwa wauza samaki.