Dawa nne za TB kwa pamoja: jinsi ya kuzimeza na mahali zinapokwama

Kidonge kimoja cha TB cha mtu mzima kina dawa nne ndani yake: rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Kwenye kadi huandikwa RHZE. Humezwa kila siku kwa miezi 2, kisha hubaki RH pekee, yaani rifampisini na isoniazidi, kwa miezi 4. Huo ni mpango wa TB ya mapafu isiyo sugu. Ya ubongo au ya mifupa huchukua muda mrefu zaidi.

Wengi hudhani nne zimewekwa ili kuongeza nguvu. Sivyo. Pango moja kwenye pafu laweza kubeba bakteria milioni 100, na katika kila milioni hivi mmoja ni sugu kwa isoniazidi tangu kuzaliwa, kabla hata hajakutana nayo. Ukitoa isoniazidi peke yake, hao mia hubaki, huzaana, na baada ya miezi michache pafu zima ni lao. Sugu kwa rifampisini ni wachache zaidi, kama mmoja katika milioni 100, na anayezishinda zote mbili kwa mpigo karibu hapatikani. Pirazinamidi huwafuata waliojificha penye asidi, na ndiyo iliyosaidia kufupisha matibabu. Ethambutoli ni mlinzi tu, endapo isoniazidi tayari imeshindwa. Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki na kuchapishwa 1972 ndiyo yaliyoonyesha kwamba miezi 6 yaweza kutosha, wakati kawaida ilikuwa kama miezi 18.

Kabla ya kidonge cha kwanza, makohozi yapimwe kwa GeneXpert, maana mashine hiyo huonyesha kama rifampisini bado inafanya kazi. Na kabla ya kipimo, usinunue antibiotiki za siprofloksasini wala levofloksasini dukani kwa ajili ya kikohozi. Hupunguza bakteria wa TB kiasi cha kukidanganya kipimo, na hukuachia usugu kwa dawa ambayo ungeihitaji baadaye.

Idadi ya vidonge hufuata uzito, kwa hiyo panda mizani bila viatu. Kilo 25 hadi 39 ni vidonge 2. 40 hadi 54 ni 3. 55 hadi 69 ni 4. 70 na zaidi ni 5. Mtu wa kilo 52 anameza 3, yaani rifampisini 450 na isoniazidi 225. Pima tena mwishoni mwa mwezi wa pili: aliyeanza na kilo 52 akifika 57, kliniki imwongezee hadi 4. Hapa husahaulika sana. Mtoto wa chini ya kilo 25 ana kidonge chake kinachoyeyuka kwenye maji, asivunjiwe cha mkubwa.

Meza vyote kwa pamoja, tumbo likiwa tupu: saa 12 asubuhi dawa, saa 1 chai. Kugawa, viwili asubuhi na kimoja jioni, hushusha kilele cha rifampisini kwenye damu. Dawa za kiungulia zikae mbali kwa saa mbili au zaidi. Kichefuchefu kikizidi, meza usiku, zikipita saa mbili baada ya chakula, au kula kidogo. Afadhali hivyo kuliko kuacha. Anayeruhusiwa kufunga Ramadhani ameze saa moja kabla ya daku.

Ukisahau, meza ukikumbuka siku ileile. Kesho usimeze mara mbili. Ukikosa siku kadhaa, rudi kliniki kwanza: rifampisini inayoachwa na kurudiwa ovyo yaweza kuamsha homa, kushusha chembe sahani (zinazogandisha damu) na hata kuumiza figo.

Mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini tu. Ganzi na kuchomachoma nyayoni ni isoniazidi. Huzuiwa kwa vitamini B6, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku, hasa kwa wajawazito, wenye VVU, kisukari au wanywaji. Maumivu ya viungo mara nyingi ni pirazinamidi. Macho yakianza kuchanganya nyekundu na kijani, acha kumeza na uende kliniki siku hiyohiyo: hiyo ni ethambutoli. Macho ya manjano, mkojo kama Coca-Cola au kutapika mfululizo ni ini. Acha zote, usichague moja. Tatu kati ya hizo nne huweza kuliumiza, na daktari atazirudisha kwa zamu baada ya vipimo. Pombe iache kabisa.

Rifampisini pia hulifanya ini livunje dawa nyingine haraka. Vidonge vya uzazi wa mpango hukosa nguvu, tumia njia nyingine. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, na huendelea hivyo kwa wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini.

Kikohozi hupoa ndani ya wiki chache, na hapo ndipo watu huacha. Peleka makohozi mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Yakiwa bado na bakteria mwezi wa 5, usikubali kuongezewa dawa moja juu ya zile za zamani: nayo itabaki peke yake mbele ya bakteria waliozishinda zile nyingine. Yapimwe usugu kwanza, kisha mchanganyiko mzima ubadilishwe.