Moto Unachochewa na Nani? Kuandaa mada ya filamu za stimpanki

Ukishakubaliwa kuzungumza kwenye kongamano la mashabiki, muulize mwandalizi mambo matatu kabla hujafungua kompyuta: nina dakika ngapi, naingia ukumbi gani, na baada yangu anaingia nani. Hilo la tatu wengi hawaliulizi. Mwaka wangu wa kwanza, huku kaskazini mwa Uingereza ninakoishi, sikuliuliza, kumbe nyuma yangu kulikuwa na mashindano ya kuchovya biskuti kwenye chai. Usicheke. Mashabiki wa stimpanki, yaani hadithi za kubuni zilizojaa mashine za mvuke za karne ya 19, wana mchezo huo na wanauheshimu: wawili wanachovya pamoja, wanatoa, kisha kila mmoja anavizia. Atakayekuwa wa mwisho kuila biskuti yake bila kukatika wala kumdondokea ndiye mshindi. Basi bado nina robo saa, mlango ukafunguliwa, watu wakaanza kujipenyeza na mabirika. Nilikuwa slaidi ya 19 kati ya 62.

Slaidi 62 zilitokana na tamaa. Nilitaka kusimulia kila kitu, tangu riwaya za Mfaransa Jules Verne, wa karne ya 19, hadi filamu ya juzi. Walioketi mbele yako wamevaa kofia walizoshona wenyewe na mikono ya bandia ya shaba waliyoiunda gereji, hawana haja ya kuelezwa stimpanki ni kitu gani. Neno lenyewe lilitoka kwa mwandishi K. W. Jeter, kwenye barua yake kwa Locus, jarida la hadithi za kisayansi, mwaka 1987. Lipe nusu dakika, halafu weka miaka ya filamu kando yake: filamu ya Disney yenye nyambizi Nautilus, iliyotokana na riwaya ya Verne, ni ya 1954, Vynález zkázy ya Karel Zeman wa Chekoslovakia ni ya 1958, Laputa, katuni ya Mjapani Hayao Miyazaki, ni ya 1986. Mtoto alikwishatambaa na kukimbia ndipo akapewa jina. Hapo ukumbi utaguna, na utakuwa umemalizana na historia.

Sasa tafuta swali lako. Nasema lako kwa sababu maswali ya jumla wenzako wameshayamaliza. Babu yangu alikuwa mchochea moto wa gari moshi pale Tabora, na bibi alikuwa akilalamika kwamba nguo zake za kazi hazikuwahi kutakata mpaka anastaafu. Mimi nafua mashuka ya hospitali zamu ya usiku, na pasi zetu kubwa zinapashwa kwa mvuke, kwa hiyo valvu inayovuja naitambua kwa sauti tu. Nikitazama filamu hizi, macho yangu hayaendi kwenye miwani wala kwenye saa za mnyororo. Natafuta moto unachochewa na nani. Nilipolifanya hilo kuwa swali la mada nzima, filamu zikapungua zenyewe kutoka kumi na saba hadi nne.

Ya kwanza ni safari ya mwezini ya Georges Méliès, ya mwaka 1902. Kila mtu anakumbuka mwezi wenye uso, uliochomwa jicho na chombo. Wewe onyesha dakika iliyotangulia, wasichana waliovalia kibaharia wanapokisukuma chombo kiingie kwenye mzinga, kisha wanawageukia watazamaji na kupunga mikono. Wazee wenye ndevu wanapanda, wasichana wanasukuma. Ya pili ni ile Nautilus. Harper Goff aliisanifu ikajaa ribiti na miiba mgongoni kama mamba, na mashabiki wa mvuke wanaiabudu, lakini haina mvuke hata kidogo. Kwa Verne ilikwenda kwa umeme, na kwenye filamu nguvu ya nahodha wake, Nemo, ni siri inayonuka atomu. Chombo kisicho na mchochea moto! Nilipolisema hilo, bwana mmoja wa safu ya mbele alivua kofia akajikuna kichwa.

Nakaa zaidi kwenye Laputa. Mapema tu tunamwona mvulana Pazu akifanya kazi mgodini. Bosi wake anahangaika na bomba linalovuja huku amepakaa grisi, anamwachia mtoto breki ya lifti ya wachimbaji. Ni sekunde chache tu, lakini kazi yote imo: joto, uchovu, na mtoto anayebeba maisha ya watu wazima mkononi. Miyazaki alizuru Wales katikati ya miaka ya 1980, mgomo mkubwa wa wachimba makaa ukiwa bado kidonda kibichi, na mji wa Pazu umekaa kama miji ya kule. Baada ya hapo Steamboy, katuni ya Katsuhiro Otomo ya 2004, inapita upesi: mwaka ni 1866, mvulana Ray yuko kwenye kiwanda cha nguo Manchester, boila inakaribia kupasuka. Usiwaeleze hadithi nzima, watu watalala.

Filamu ya Hugo, ya mtoto anayeishi kwenye stesheni ya treni, niliiacha kwa uchungu. Yule mtoto anajaza saa za stesheni, hana tanuru. Ukiwa na swali, linakusaidia kukataa hata unavyovipenda.

Vipande vya video visizidi sekunde 90. Kabla ya kubonyeza, waambie watazame nini: "Angalieni mikono, siyo nyuso." Bila hivyo kila mtu ataangalia chake, nawe utapoteza dakika mbili kuwarudisha. Muulize mwandalizi mapema kama ukumbi una kibali cha kuonyesha filamu, maana sheria zinatofautiana nchi na nchi. Nami ndiyo maana naanza na ya Méliès, ni ya zamani mno kukuletea kesi. Ila ni bubu, kwa hiyo chagua wewe kama utaweka muziki au utazungumza juu yake. Mimi nazungumza.

Usitegemee intaneti ya hoteli. Vipande viwe ndani ya kompyuta, nakala kwenye flashi, na kebo iwe yako. Jaribu sauti ukiwa umesimama nyuma kabisa ya ukumbi, na uhakikishe Laputa inatoka kwa lugha uliyokusudia. Yangu iliwahi kutoka kwa Kijapani bila maandishi chini, nikageuka mkalimani wa lugha nisiyoijua.

Ukipewa dakika 50, andaa 35. Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza ukiosha vyombo. Pale unapojisahau ukaanza kuwaza mambo ya kesho, kata. Kadi zangu naziandika kwa Kiswahili ingawa nazungumza Kiingereza, na hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote: siwezi kuzisoma neno kwa neno hata nikitaka, inabidi niinue uso niseme.

Mavazi ni juu yako. Mimi huvaa kizibao, miwani ya kuchomelea, na kanga badala ya sketi. Wazungu wakaniuliza maandishi yanasemaje, nikawaambia: "Mwenye kelele hana neno." Nikajikuta nimepanda jukwaani na kipaza sauti mkononi.

Maswali yaachie dakika kumi. Atasimama mtu aliye na hotuba badala ya swali. Msikilize, mshukuru, na kabla hajavuta pumzi ya pili mpe nafasi aliyeketi nyuma yake. Jiandae pia kwa filamu ya Wild Wild West ya 1999, maana yule buibui wa chuma hakosi mtetezi. Jibu langu ni kwamba nami nampenda, ila tangu aanze kutembea sijamwona mtu akimtilia makaa.

Zikibaki dakika tano, anza kukunja kebo huku ukijibu. Wenye biskuti watakuwa wameshapanga foleni mlangoni, na maji yao yamechemka.