Jinsi ya kusema "dogo" kwa Kiingereza bila kumdharau mtu

Kazi yangu ni kutafsiri ripoti, barua na mihutasari ya vikao toka Kiswahili kwenda Kiingereza, na neno linalonichelewesha kuliko yote ni "dogo". Sisi tunalitumia kila mahali, kosa dogo, tofauti ndogo, pesa ndogo, jambo dogo, wenzetu wameligawa vipande na kila kipande kina adabu yake. Mwaka wangu wa kwanza niliandika "malalamiko madogo madogo ya wafanyakazi" kuwa "petty complaints", nikaona limekaa vizuri kabisa, ripoti ikasambazwa, kumbe nimewaambia watu wazima wanalalamikia upuuzi. Walikuwa wanadai maji ya kunywa zamu ya usiku. Inaniuma mpaka leo.

Hatua ya 1. Kabla hujashika kamusi jiulize hicho kitu ni kidogo kivipi. Madhara yake ni madogo? Kiasi chake? Au ni wewe tu unaona hakina maana? Hilo la tatu ndo linaloumiza watu.

Hatua ya 2. Kama ni madhara, shika "minor". Minor injuries, minor repairs, minor error, na upasuaji mdogo ni "minor surgery", ukiandika "small surgery" watakushangaa. Halimtukani mtu. Ila usiandike "minor than", ukitaka kulinganisha sema "less serious than", na ukiona "a minor" limesimama peke yake hapo ni mtoto, mtu ambaye kisheria hajafikia utu uzima. Kwa ugonjwa tumia "mild", mild fever, mild symptoms. "Slight" nalo linafaa, a slight headache, a slight delay, linatamkwa slait, lakini likigeuka kitenzi, "to slight someone", tayari ni kumdharau mtu.

Hatua ya 3, namba. "Negligible" ni ndugu wa "neglect", yaani kiasi unachoweza kukipuuza na hesabu isiyumbe, mfano shilingi 300 kwenye bajeti ya milioni 4. Sio kila kidogo ni negligible, miligramu chache kwenye dozi ya kichanga hazipuuziki hata kidogo. Na wanaotafsiri tasnifu hapa naomba mtulie: "not statistically significant" usiifupishe kuwa "insignificant". Mtafiti anasema kipimo chake hakikutoa ushahidi wa kutosha kwamba tofauti aliyoiona si ya bahati tu, hajasema tofauti ni ndogo wala kwamba haina maana, na ukibadilisha hapo umebadilisha matokeo ya mtu aliyehangaika miaka.

Hatua ya 4, pesa. "Nominal fee" ni ada ya jina tu, ndogo sana ukilinganisha na thamani ya kitu chenyewe. "Paltry" ni kidogo cha kuudhi, a paltry salary, neno la mtu mwenye hasira, usiliweke kwenye barua ya mfadhili. Mchango wako mwenyewe uite "modest", wa mwenzio usiupime kabisa, shukuru tu. "Petty cash" haina dharau yoyote, ni pesa ya matumizi madogo ya ofisini, maana "petty" asili yake ni Kifaransa, petit, dogo tu, dharau ilikuja baadaye. Nyaraka nyingi za hapa Tanzania zinawaita machinga "petty traders" na imeshazoeleka, mi naandika "street vendors" au "small-scale traders" kwa sababu najua msomaji wa mbali hiyo petty ataisikiaje.

Hatua ya 5. "Trivial" weka mbali mpaka uwe na uhakika. Kilatini chake ni njia panda, pale njia tatu zinapokutana, ndo likaja kumaanisha jambo la kawaida, lisilo na uzito. Mtu wa hisabati akisema trivial anamaanisha jibu liko wazi, sawa, ila ukimjibu mteja kwamba tatizo lake ni trivial umemfunga mdomo.

Hatua ya 6. Ukimaliza isome sentensi kama wewe ndo mwenye shida yenyewe. Ikikuchoma, futa hilo neno uone kama sentensi inasimama bila hilo, mara nyingi inasimama, taja jambo lenyewe. Ile ya kwangu leo ningeandika hivi: "Night-shift staff reported that they had no drinking water."