Magaga ya kipupwe: dakika 20 kabla ya kulala

Juni hadi Agosti, baridi kavu ya Mbeya, Makete na Mufindi hupasua visigino, hasa vya mama anayeshinda na kandambili kutwa. Watoto wakishalala, loweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15. Maji ya moto sana na sabuni ya kufulia huondoa mafuta ya ngozi; ndiyo maana wengine huloweka kila siku na magaga yanazidi. Sugua taratibu kwa jiwe la miguu, mara mbili kwa wiki zinatosha. Wembe usiuguse kabisa.

Futa maji, hasa katikati ya vidole. Visigino vikiwa bado na unyevunyevu, vipake mafuta ya mgando, uvae soksi za pamba hadi asubuhi. Katikati ya vidole usipake. Fangasi hupenda hapo.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata baridi ikiuma vipi, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua.

Ufa ukitoa damu au usaha, au kama una kisukari, usisugue. Nenda zahanati.