Kushuka Kitonga na kona kali zingine: soma kibao mapema, breki umalize kabla ya kona

Wale mnaoshuka Kitonga, ule mlima wenye mteremko na kona kali, mkitokea Iringa kuja Morogoro na Dar, hasa kama ndo mara ya kwanza na una gari ndogo, vile vibao wengi wanavipita tu kama matangazo ya soda.

Pembetatu yenye mpaka mwekundu inakwambia hatari iko mbele, haipo pale kibao kilipo, so hicho kipande cha katikati umepewa ujiandae. Mshale uliopinda mara moja ni kona moja, ukiwa kama S ni kona zinafuatana, hapo usome kuanzia chini, unakopinda kwanza ndo kona ya kwanza. Kibao cha mteremko kikiandika 10% maana yake kila mita 100 unashuka kama mita 10, sio mchezo.

Sasa ukishakiona toa mguu kwenye mafuta, kanyaga breki gari ikiwa bado imenyooka, shusha gia, ndo uingie. Breki za katikati ya kona zinaipa tairi kazi mbili kwa wakati mmoja, kushika kona na kusimamisha gari, na kukiwa na mvua au tairi kipara inaachia. Halafu spidi ukiongeza mara mbili ile nguvu ya kukutupa nje inakuwa mara nne.

Mambo ya kuweka fri, yaani kutoa gia gari ijishukie yenyewe, eti unasevu mafuta achana nayo kabisa, gari za injekta ukiwa kwenye gia na hujakanyaga mafuta injini inakata mafuta yenyewe, ila ukiweka fri breki ndo zinabeba mlima wote, zinachemka, unakanyaga na gari haisimami. Automatiki weka L au 2, ndo gia ndogo zake.

Kona ya kushoto bana kushoto kwako, usiusogelee mstari wa kati, maana semi inayopanda kichwa kinaweza kuwa upande wake vizuri tu ila trela linakata kona linakuja kwako. Mstari wa kati ukiwa mzima, haujakatika, usiovateki, hata dereva wa lori akikuwashia indiketa upite, kwenye kona na yeye haoni mbele.

Na ukikuta matawi ya miti yamewekwa barabarani, hicho nacho ni kibao, wamekiweka madereva wenyewe, kuna gari imekufa mbele na mara nyingi iko nyuma ya kona inayofuata. Washa taa za hazadi, punguza mpaka uwe na uwezo wa kusimama ndani ya kile kipande unachokiona.