Namna ya kuwafahamu wanafunzi wako wa shule ya msingi: tafuta ukurasa mtupu

Ninafundisha madarasa ya chini, watoto wa miaka saba hadi tisa, na walimu wageni huniuliza swali lilelile: nitawajuaje wote hawa? Huwa nawaambia watafute daftari. Simaanishi rejesta, ile ina kazi yake. Daftari la kawaida tu, kila mtoto na ukurasa wake. Alama za majaribio zisiingie humo. Andika ulichokiona kwa macho: "Anachora magari pembeni mwa kila zoezi." "Anakula peke yake." "Leo kamfunga mwenzake kamba za viatu." Andika watatu au wanne kwa siku, sentensi mojamoja, kisha lifungie kabatini maana si la kusomwa na kila mtu.

Baada ya wiki kadhaa, lipitie. Kurasa za watundu zitakuwa zimejaa, na za hodari wa kunyoosha mikono vilevile. Halafu utafika kwa mtoto ambaye ukurasa wake ni mweupe pe. Hagombani, hafeli, hachelewi. Huyo humjui, na ndiye wa kuanza naye kesho asubuhi.

Majina nayo yasikupite. Muulize kila mtoto anapenda kuitwaje, na umwombe alitamke yeye kwanza. Jina la utani la kejeli usilitumie hata kama darasa zima linacheka na mwenyewe anacheka nao.

Kuna maswali ninayoyakwepa mbele ya darasa: baba anafanya kazi gani, likizo mlikwenda wapi. Yupo aliyefiwa, yupo ambaye hakwenda popote. Mimi huuliza: kitu gani unakijua, ambacho unaweza kutufundisha sisi? Mvulana mmoja ambaye sauti yake nilikuwa siisikii kabisa alikuja mbele na kipande cha karatasi, akatuonyesha namna ya kukunja chura anayeruka. Nilipojaribu kumfuata akanizuia: "Hapana mwalimu, kona hii kwanza." Akanirudisha nyuma, akasubiri nimalize, ndipo akaendelea. Kwa dakika zile chache nilijua kwamba anashika hatua kwa mpangilio na ana subira ya kueleza. Tulipofika kwenye kutoa kwa kukopa, nilimkalisha na mwenzake aliyekwama, na mazungumzo yakaanzia hapo.

Kwa wanaoweza kuandika, ipo njia ya Kyle Schwartz, aliyekuwa akifundisha darasa la tatu mjini Denver, Marekani, njia ambayo ilienea sana mwaka 2015. Unawapa watoto mwanzo wa sentensi, "Natamani mwalimu wangu angejua kwamba...", nao wanamalizia. Mmoja wa wanafunzi wake aliandika kuwa nyumbani hana penseli za kufanyia kazi aliyopewa. Fikiria mtoto huyo angeadhibiwa mara ngapi kwa uvivu. Nikiitumia, kila mtoto hukunja karatasi yake na kuniletea mkononi, na hakuna inayosomwa kwa sauti. Ila usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Mtoto akiandika kwamba anaumizwa, ni lazima umfikishie anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni, na ni vizuri darasa lijue hivyo kabla halijashika penseli.

Njia nyingine ninayoipenda ilitokana na kazi ya Jacob Moreno, aliyechunguza mahusiano ndani ya makundi miaka ya 1930. Kila mtoto aandike faraghani majina ya wenzake wawili ambao angependa kukaa nao. Ukiwa peke yako, yaandike majina yote kwenye karatasi kubwa na uchore mishale, kutoka kwa aliyechagua kwenda kwa aliyechaguliwa. Utashangaa. Yule unayemwona kiongozi huenda ana mshale mmoja tu, na yupo ambaye hakuelekezewa hata mmoja. Usiulize kamwe nani hawampendi, hapo utakuwa umepanda chuki kwa mkono wako. Mtoto ambaye hakuelekezewa mshale mkalishe karibu na mmoja wa wale wawili ambao yeye mwenyewe aliwaandika, kisha rudia zoezi muhula ujao.

Kwa mtoto anayekusumbua, jaribu dakika mbili kwa siku, siku kumi mfululizo, mkizungumza jambo lolote lisilohusu masomo wala tabia yake. Njia hii inahusishwa na mwanasaikolojia Raymond Wlodkowski. Siku za mwanzo atakujibu "ndiyo" na "hapana". Vumilia, na usimalizie kwa nasaha, maana ukifanya hivyo atajua ulikuwa unamtega.

Kabla hujamwita mtoto mzembe, mtazame anavyonakili ubaoni. Akikunja uso, au akiandika vizuri anapotazama kitabu cha jirani na kukosea anapotazama ubao, huenda ni macho. Anayejibu swali ambalo hukuuliza huenda ni masikio. Msogeze mbele leo, na uwaambie wazazi apimwe.

Na wazazi wenyewe, wapigie simu mapema, kabla hujawa na malalamiko. Waulize: akiwa nyumbani, huwa anafanya nini bila kuambiwa? Wengi husita kidogo, halafu huongea mfululizo. Nawe usikate simu kabla ya kumtajia mzazi jambo moja jema uliloliona kwa mwanawe wiki hiyo, lenye siku yake na tukio lake, maana "anaendelea vizuri" ameshaizoea.